Chemchemi ya Siku

Utotoni, nilipokuwa nikiishi kwa bibi yangu milimani Usambara, kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kuteka maji kabla wengine hawajayatibua. Bibi aliniamsha kwa maneno yale yale, "Amka mjukuu wangu, kumekucha," ingawa nje kulikuwa na giza la kumkosa mtu aliye hatua tano mbele yako. Chemchemi yetu ilikuwa bondeni, chini ya jiwe kubwa lililoota kuvu. Ukifika wa kwanza, ukainama na kutulia, uliweza kuona mchanga mweupe ukicheza ndani ya maji: punje zinainuka, zinazunguka, zinatua, zinainuka tena, kama vile kuna kidole kinazisukuma kutoka chini. Nikiwa bado nimeinama, mbingu upande wa mashariki ilikuwa inaanza kupauka. Maji yale na mbingu ile sikuwahi kuviweka pamoja kichwani mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku nilipokutana na neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe wameliacha.

Neno hilo ni dayspring. Maana yake ni alfajiri, mapambazuko, saa ambayo usiku unaachia na siku inashika. Leo hutalisikia sokoni London wala kwenye taarifa ya habari. Limebaki makanisani, katika nyimbo za Majilio, na katika mashairi ya zamani. Day ni siku, hilo halina shida. Spring ndiyo inayompoteza msomaji wa leo, kwa sababu akiiona anakumbuka majira yale yanayofuata baridi ya Ulaya, miti inapotoa majani mapya. Basi anajijibu kwamba watu wa kale waliufananisha uchanga wa siku na uchanga wa mwaka. Ni maelezo mazuri, ila yanamtanguliza mtoto mbele ya mzazi wake.

Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi springan. Kilimaanisha kuruka, kutoka kwa nguvu, kuchomoza, kuenea. Maji yaliyojisukuma kutoka ardhini yalifanya tendo hilo, na mahali yalipotokea pakaitwa spring, yaani chemchemi. Kichipukizi kilichopasua udongo kilifanya tendo hilo hilo, nacho kikaitwa spring. Siku ilipotokeza ukingoni mwa mbingu, watu wale hawakuona haja ya kutafuta kitenzi kingine. Kufikia karibu mwaka 1300, dayspring lilikuwa limekwisha kuandikwa kama neno kamili la alfajiri.

Wakati huo majira ya machipuko hayakuwa yakiitwa spring. Waingereza waliyaita lencten, baadaye lent, neno lenye undugu na lile la urefu, kwa kuwa ndiyo majira ambayo mchana wa kaskazini huanza kurefuka. Ni katika karne ya 16 ndipo spring lilipozoeleka kama jina la majira, likiwa ufupisho wa misemo ya kuchipua kwa majani na kuchipua kwa mwaka, na lile la zamani likaachiwa Kanisa kwa maana ya Kwaresima. Siku, kwa hiyo, ilianza kububujika katika Kiingereza karne mbili na zaidi kabla ya mwaka kuanza kufanya hivyo.

Hata dawn, neno la kawaida kabisa la Kiingereza cha leo kwa alfajiri, ni jipya likilinganishwa na dayspring. Kama nomino halionekani katika maandishi mpaka mwishoni mwa karne ya 16. Kabla ya hapo kulikuwa na kitenzi dagian, kilichotokana na neno la siku, na maana yake ilikuwa kuwa siku, kugeuka siku. Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani kabisa, maana dagian ni kucha. Bibi aliposema kumekucha hakumtaja mtendaji yeyote: jua halikutajwa, mbingu haikutajwa. Ile ku- ya mwanzo inasimama kwa mahali pote na hali yote kwa pamoja, na kitenzi kinasema tu kwamba hali hiyo imegeuka. Ni kitenzi cha kale sana katika lugha za Kibantu. Mnyarwanda husema gucya, Mganda husema kukya, Mzulu husema kusa. Sisi tunalo pia kwenye usiku kucha, yaani usiku mpaka unapokucha, na mwenzake ni mchana kutwa, ambapo kutwa ni kuchwa, kutua kwa jua. Tunayatamka maneno hayo kila siku bila kuhisi kwamba ndani yake kuna mapambazuko na machweo kamili.

Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na njia mbili za kuitazama alfajiri. Moja, ile ya dagian, iliona hali inayogeuka. Nyingine, ile ya dayspring, iliona kitu kinachotoka mahali kilipokuwa kimefichwa. Ya kwanza ilishinda. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, na historia yake inapitia mikono ya mtu aliyeuawa kwa sababu ya tafsiri.

William Tyndale alichapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526 katika mji wa Worms, Ujerumani, na nakala zake zikaingizwa Uingereza kwa siri. Miaka 10 baadaye alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto karibu na Brussels. Alikuwa akitafsiri kutoka Kigiriki, na katika sura ya 1 ya Injili ya Luka, mstari wa 78, alikuta neno anatole. Ni wimbo wa Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, kuhani mzee aliyekuwa bubu kwa miezi yote mke wake Elisabeti alipokuwa mjamzito. Siku ya nane, mtoto anapotahiriwa na kupewa jina, ulimi wake unafunguka, na kabla ya kunyamaza anamtaja huyo atakayewajia watu waketio gizani: anatole itokayo juu. Tyndale aliandika dayspring. Waliotengeneza Biblia ya Mfalme James mwaka 1611 wakaliacha hapo hapo, na wakalitumia tena katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, pale Mungu anapomuuliza Ayubu kama amewahi kuionyesha alfajiri mahali pake. Katika Samweli wa kwanza walilitenganisha vipande viwili: nabii alimwita Sauli darini wakati wa kuchomoza kwa siku, na neno walilotumia kwa kuchomoza ni spring.

Ili kuona jinsi Tyndale alivyolenga, inabidi kulichungulia neno la Kigiriki. Anatole ni nomino iliyotokana na kitenzi cha kupanda juu, kuchomoza. Wagiriki walilitumia kwa jua na nyota, kwa hiyo anatole ikawa pia upande linakotoka jua, na ndilo jina lililofanya sehemu ya Asia ya Uturuki iitwe Anatolia. (Nasi tumefanya vivyo hivyo: mashariki ni neno la Kiarabu la mahali pa kuchomoza jua, kwa hiyo kila tunaposema Afrika Mashariki tumelitaja macheo.) Lakini kitenzi hicho kilitumika kwa mimea pia. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ile Septuaginta iliyoanza kufanywa Alexandria karne ya 3 kabla ya Kristo, miiba ambayo ardhi ilimzalia Adamu baada ya kufukuzwa bustanini ilichomoza kwa kitenzi hicho hicho cha jua.

Kuna zaidi. Nabii Zekaria, aliyeishi karne tano kabla ya yule kuhani bubu, alitabiri juu ya mtumishi wa Mungu ambaye jina lake kwa Kiebrania ni tsemach. Maana yake ni mche unaochipuka, na Biblia yetu ya Kiswahili imeandika Chipukizi. Watafsiri wa Alexandria walipofika hapo waliandika anatole. Sasa sikiliza wimbo wa Zakaria kwa masikio ya Myahudi aliyezoea maandiko ya Kigiriki. Majina ya nabii na kuhani, kwa Kigiriki, ni jina moja. Neno la nabii na la kuhani ni moja. Anayesikia anapata kwa pamoja jua linalochomoza na mche unaotokeza ardhini, na hakuna kitu katika sentensi kinachomlazimisha achague. Kilatini hakikuweza kubeba hilo. Kiliandika oriens, linalochomoza, ambalo lina jua na mashariki ila halina mche. Spring ya Kiingereza iliweza, kwa sababu tu kitenzi cha kienyeji cha wakulima wa Uingereza kilikuwa kimekwisha kuviunganisha vitu hivyo, na kikaongeza cha tatu, maji.

Mtu aliyeishi karibu na ikweta anaweza kusema kwamba neno lenyewe linaelezea alfajiri yetu kuliko ya kwao. Huku jua hupanda karibu wima, na kutoka mwanga wa kutambuana uso mpaka jua lenyewe kutokeza ni dakika 20 na kidogo. London mwishoni mwa Juni inachukua karibu dakika 45, na usiku mzima wa wakati huo hakuna giza kamili, kwa kuwa jua haliendi mbali sana chini ya upeo wa macho. Alfajiri ya Kiingereza hairuki, inatambaa. Nadhani hilo linatusaidia kuelewa kwamba waliounda dayspring hawakuwa wakipima kasi. Chemchemi yetu ya bondeni nayo haikuruka. Maji yaliinuka taratibu mno, ungeweza kudhani yametuama kama usingeona ule mchanga ukicheza. Walichokiona ni msukumo: kwamba huu mwanga haukuja juu ya usiku kama blanketi, ulikuwa chini yake muda wote.

Mshairi John Milton alilijua hilo kwa namna ya pekee. Alikuwa amepofuka kabisa kufikia mwaka 1652, na mwaka 1671 alichapisha tamthilia ya kishairi juu ya Samsoni, shujaa aliyetobolewa macho na Wafilisti na kufungwa gerezani Gaza akisaga nafaka. Mwanzoni mwa tamthilia mfungwa huyo anatolewa nje apumzike, na hapo Milton anaitaja dayspring. Kipofu ameijua alfajiri kwa hewa safi inayompiga usoni baada ya hewa nzito ya gereza. Neno la mwanga lisingeweza kufanya kazi hapo. Neno la kutokeza na kububujika liliweza, kwa sababu mtu hahitaji macho ili ahisi kwamba kuna kitu kimefunguka.

Baada ya Milton neno lilirudi nyuma polepole. Dawn lilikuwa fupi na lilitosha. Spring nayo ilizidiwa na kazi: ikawa majira, ikawa chemchemi, ikawa ule waya wa chuma uliosokotwa ambao sisi tumeuchukua na kuuita springi, kwenye godoro na kwenye gari. Msemaji wa kawaida hakuweza tena kusikia kitenzi ndani ya dayspring, na neno lisilosikika ndani halidumu mdomoni. Mahali pamoja lilipopata hifadhi ni katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, ambacho kinauweka wimbo wa Zakaria katika sala ya asubuhi. Kwa karne kadhaa mkulima asiyejua kusoma alilisikia kanisani, na pengine hakujua kwamba ni neno kuukuu. Biblia za karne ya 20 ziliamua kumrahisishia. Tafsiri ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1946, Revised Standard Version, ilitumia kitenzi dawn mahali pa Tyndale. Inaeleweka kwa wote. Mche na maji havimo.

Biblia yetu, ile ya Union ya mwaka 1952, nayo ilichagua mwangaza kwa Luka na mapambazuko kwa Ayubu. Siwalaumu watafsiri wake. Mwangaza ni neno safi na linaimbika vizuri. Ila kila ninapoufikia mstari ule wa Zakaria nahisi kuna kitu kimesimama ambacho kilikuwa kikitembea. Mwangaza upo, hausemi umetokaje. Na jambo linaloniumiza kidogo ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno ambalo lingebeba mzigo karibu wote, neno ambalo kila mtu analitumia, kuanzia mvuvi mpaka kondakta wa daladala ya kwanza.

Neno hilo ni alfajiri. Tumelipata kwa Waarabu, al-fajr, na mzizi wake una herufi tatu, fa, jim na ra. Kitenzi cha mzizi huo ni fajara, na maana yake ya msingi ni kupasua, kutoboa mpaka kilichozuiliwa kitoke. Kinachotoka, mara nyingi, ni maji. Katika Kurani, Surat al-Baqara, aya ya 60, Nabii Musa analipiga jiwe kwa fimbo yake na chemchemi 12 zinabubujika, kila kabila na mahali pake pa kunywa. Kitenzi kinachozitoa chemchemi hizo kimetokana na mzizi wa alfajiri. Katika Surat al-Qamar, aya ya 12, ardhi inapasuliwa ikawa chemchemi wakati wa gharika ya Nuhu, kwa mzizi ule ule. Kwa Mwarabu wa kale, basi, al-fajr ilikuwa usiku uliotobolewa na siku ikavuja. Waswahili wanaofunga Ramadhani wanaijua picha hiyo kwa macho, hata kama hawajaihusisha na neno: kuna alfajiri ya uongo, mwanga mrefu unaosimama wima kama mkia halafu unafifia, na kuna alfajiri ya kweli, inayofunguka kwa ulalo kwenye ukingo wa mbingu na kuzidi kupanuka. Hiyo ya pili ndiyo inayofunga daku. Ukiitazama kutoka ufukweni, juu ya maji meusi ya bahari, inaonekana waziwazi kuwa ni ufa.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kufanana, mpaka nilipoliangalia neno jingine la Kiarabu la alfajiri, falaq, lililoipa jina sura ya 113 ya Kurani ambayo watoto wa madrasa huihifadhi mapema. Nalo linatokana na kupasua. Katika Surat al-An'am, aya ya 95, Mwenyezi Mungu anaitwa mpasuaji wa mbegu na kokwa, maana yake ndiye anayeufanya mche utoke. Aya inayofuata, ya 96, kwa neno lile lile la kupasua, inamwita mpasuaji wa mapambazuko. Mche na alfajiri, mstari kwa mstari. Ule uhusiano ambao Kigiriki kiliuficha ndani ya anatole, na Kiingereza ndani ya spring, Kiarabu kimeuweka wazi, aya mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega.

Lazima niseme kitu hapa kwa uangalifu, kwa sababu watu wanaopenda maneno ni wepesi wa kuona undugu usiokuwapo. Springan na fajara havina babu mmoja. Kimoja ni cha lugha za Kigermanik, kingine ni cha Kisemiti, na hakuna njia inayojulikana iliyotoka huku ikafika kule. Hata fajr na falaq ni mizizi miwili tofauti. Kilichokuwa kimoja ni kitu walichokitazama. Mkulima wa kaskazini mwenye ukungu, mchungaji wa jangwani na mwandishi wa Alexandria, kila mmoja aliamka mapema kuliko tunavyoamka sisi wenye taa, na kila mmoja alijua kwa kuinama kwake mwenyewe jinsi maji yanavyotoka na jinsi mbegu inavyopasuka. Walipoinua macho walitumia kitenzi kilichokuwa karibu.

Tofauti na Mwingereza, Mswahili hakulazimika kuchagua. Amebaki na kucha kwa ajili ya hali inayogeuka, na amebaki na alfajiri kwa ajili ya ufa unaobubujika, na mara nyingi anavitumia vyote viwili katika pumzi moja: tuliondoka alfajiri, kulipokucha tulikuwa tumefika Segera.

Mtu mmoja, walau, alikuwa na maneno haya yote mdomoni kwa wakati mmoja. Edward Steere alikuwa askofu wa Kianglikana Unguja kuanzia mwaka 1874 mpaka alipofariki mwaka 1882. Alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, baada ya miaka ya kukaa na wenyeji na kuwauliza neno moja moja, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kwa padre wa Kianglikana wa enzi hizo, wimbo wa Zakaria wenye dayspring ulikuwa sehemu ya sala ya asubuhi. Na Mkunazini imo ndani ya Mji Mkongwe, ambako ukitoka msikiti mmoja hupigi hatua nyingi kabla ya kuuona mwingine. Kabla hajafungua kitabu chake cha sala, sauti ilikuwa imekwisha kupita juu ya mapaa ya nyumba ikiwaita watu kwenye sala ya alfajiri, na mtu fulani chini ya dirisha lake, akiwa na ndoo mkononi kuelekea kisimani, alikuwa akimwambia mwenzake kwamba kumekucha.